Alessandro Volta, mtu wa betri aliyeikamata gesi ya ng'ombe matopeni

Kama redio yako inatumia betri, itoe moja uisome. Pembeni imeandikwa 1.5 na herufi V. Chaja ya simu nayo ina V yake, mara nyingi 5, na betri ya sola iliyo pembeni ya kitanda ina 12. Hiyo V ni volti, na volti imetokana na jina la mtu. Aliitwa Alessandro Volta, Mwitalia, aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita.

Kwa betri, dunia nzima inamjua. Sisi leo tunamleta kwa jambo lingine alilolifanya zaidi ya miaka 20 kabla ya betri, akiwa kwenye mtumbwi kando ya ziwa na fimbo mkononi. Siku hiyo alikusanya gesi ambayo leo tunaiita methani. Ndiyo gesi hiyo hiyo ambayo ng'ombe wako anaitoa kinywani usiku akiwa amelala zizini anacheua. Wasikilizaji wengi hutuambia wamechoka kusikia kwamba ng'ombe wao wanaharibu hali ya hewa, na wanauliza kosa lao liko wapi. Tunaona heri tuanze na mtu aliyeishika gesi yenyewe kwanza, kabla hatujafika kwenye hori.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 katika mji wa Como, kaskazini mwa Italia, kando ya ziwa lililo chini ya milima ya Alps. Wakati huo sehemu hiyo, Lombardia, ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye heshima, ila mfuko ulikuwa mwepesi. Ndugu zake wengi walikuwa mapadri na watawa. Yeye mwenyewe alichelewa kusema. Alifika kama miaka minne bado hajazungumza sawasawa, na nyumbani walianza kuogopa kwamba mtoto ana kasoro. Baadaye alifunguka, na alipofika miaka saba alikuwa amewaacha wenzake nyuma. Ni umri huo huo aliompoteza baba yake, na malezi yakaangukia kwa baba yake mdogo, ambaye alikuwa padri.

Walimu wake walitaka awe padri. Familia ikataka awe mwanasheria. Yeye alitaka kujua radi ni nini. Hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alijisomea mwenyewe, na alipokuwa na miaka 18 hivi alikuwa tayari anawaandikia barua wataalamu wa umeme wa Paris na Turin. Mwaka 1774 akapewa kazi katika shule za Como, na mwaka uliofuata akatangaza chombo chake cha kutengenezea cheche za umeme, sahani ya chuma juu ya kitanda cha utomvu mgumu. Ukikisugua mara moja, unaweza kupata cheche nyingi, moja baada ya nyingine. Kumbuka cheche hizo, tutazirudia.

Mwaka 1776 rafiki yake padri, Carlo Giuseppe Campi, alimpa habari ya chemchemi moja huko San Colombano ambayo hewa inayotoka ndani yake inashika moto. Volta akapata hamu ya kuona kama hewa ya namna hiyo inapatikana na kwingine. Mwezi Novemba mwaka huo alikuwa Angera, kwenye Ziwa Maggiore. Akaingia kwenye mtumbwi, akaenda palipo na matete, maji yakiwa haba na tope likiwa jingi, akachokonoa chini kwa fimbo. Mapovu yakapanda. Akajaza chupa maji, akaigeuza kichwa chini majini, na mapovu yakaingia humo yakiyasukuma maji nje. Alipopata ya kutosha akasogeza moto. Hewa ile ikawaka, polepole, kwa mwali wa buluu.

Mkulima yeyote aliyewahi kukanyaga shamba la mpunga lenye tope la muda mrefu ameyaona mapovu hayo. Tofauti ni kwamba Volta hakupita tu. Alizunguka madimbwi, mitaro na kingo za ziwa, akachokonoa kila mahali penye majani yaliyooza chini ya maji, na karibu kila mahali akaipata. Akaona wazi kwamba gesi hii inatokana na mimea na viumbe vinavyooza matopeni. Akaona vilevile kwamba si sawa na ile gesi nyingine inayowaka iliyokuwa inajulikana wakati huo, inayotokana na chuma na asidi, ambayo leo ni hidrojeni. Ile yake iliwaka taratibu zaidi na ilihitaji hewa nyingi zaidi ili iishe yote. Aliyaandika haya katika barua saba kwa Padri Campi, zikatolewa kama kitabu.

Sasa tuache ziwa kidogo, tuingie zizini.

Ng'ombe ana sehemu nne za tumbo, na ile ya kwanza, kubwa, iko upande wa kushoto. Ndiyo inayovimba kama ngoma mnyama akijaa gesi. Kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo linaweza kubeba lita 100 na zaidi. Ndani yake kuna nini? Majani yaliyotafunwa, maji, joto la mwili, na hakuna hewa safi ya kupumulia. Yaani ni dimbwi la Angera, ila lina miguu minne. Vijidudu vingi mno vinaishi humo, na ndivyo vinavyovunja nyasi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzivunja. Bila vijidudu hivyo hakuna maziwa wala nyama.

Kazi yao ina mabaki. Wanapovunja majani, hidrojeni nyingi hubaki, na ikijaa tumboni kazi yote husimama. Hapo kundi jingine la vijidudu huichukua hidrojeni hiyo, huiunganisha na hewa ya kaboni, na kutoa methani. Kwa hiyo gesi hiyo si ugonjwa wala si uchafu wa mnyama asiyetunzwa. Ni njia ya tumbo kupumua. Mnyama huitoa kwa kupiga mbweu. Wengi hudhani inatoka nyuma, na vijana wetu hapa ofisini wanaupenda sana utani huo, lakini ukweli ni kwamba zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi hutokea kinywani na puani.

Hapa ndipo jaribio la Volta linapomhusu mfugaji moja kwa moja. Alionyesha kwamba gesi hii inawaka. Kitu kinachowaka kina nguvu ndani yake. Na nguvu hiyo ng'ombe hakuitoa hewani. Aliipata kwenye majani uliyokata, ukabeba kichwani, ukayatia kwenye hori. Kila mbweu ni sehemu ya mzigo wako inayoondoka bila kuwa maziwa, bila kuwa nyama, bila hata kuwa samadi.

Volta mwenyewe hakuwahi kufika huko. Nasi tunaona ajabu, kwa sababu Lombardia ni nchi ya ng'ombe na jibini. Karibu na Milan wakulima walikuwa na mashamba ya nyasi yanayopitishiwa maji ya chemchemi hata wakati wa baridi ili ardhi isigande, na hivyo walikata majani mabichi hata miezi ambayo wenzao walilisha nyasi kavu tu. Volta aliishi katikati ya hayo yote, akachokonoa kila dimbwi, na akawapita ng'ombe.

Aliyoyafanya na gesi yake ni mengine. Alichukua zile cheche tulizosema tuzikumbuke, akazipitisha ndani ya chombo kilichofungwa chenye gesi na hewa. Mlipuko ukarusha kizibo kama risasi, na watu wakakiita bastola ya Volta. Akawaza zaidi: kama waya ungepita juu ya nguzo za mbao kutoka Como hadi Milan, cheche ya huku ingeweza kufyatua bastola ya kule, na watu wakapeana ishara. Waya huo haukujengwa, lakini wazo lilikuwepo mwaka 1777, miaka mingi kabla ya simu ya upepo.

Kutokana na bastola akatengeneza kifaa cha kupima uzuri wa hewa. Siku hizo watu waliamini kwamba hewa ya vinamasi ndiyo inayoleta homa. Neno malaria lenyewe ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Ilibidi karne nyingine ipite ndipo mbu akamatwe kuwa ndiye mkosaji. Lakini kifaa kilibaki na faida kubwa: hewa, ambayo haionekani, sasa ingeweza kupimwa kama unavyopima unga.

Baada ya safari yake ya Uswisi mwaka 1777 husimuliwa kwamba alirudi na viazi mviringo, akawahimiza watu wa kwao wavilime. Muda mfupi baadaye akachukuliwa kuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, na huko alidumu karibu miaka 40.

Sehemu ya betri tutaipitia haraka, kwa kuwa imeandikwa mahali pengi. Luigi Galvani wa Bologna aliona miguu ya chura aliyekufa ikishtuka inapoguswa na vyuma viwili tofauti, akasema umeme uko ndani ya mnyama. Volta alikubali mwanzoni, kisha akakataa: alisema umeme unatokana na vyuma viwili kukutana. Ugomvi huo uligawanya wasomi wa Italia kwa miaka. Galvani alifariki mwaka 1798 haujaisha, na kwa haki ni kwamba kila mmoja alikuwa na ukweli wake, maana mishipa ya mwili kweli hutumia umeme. Ili kushinda, Volta alipanga vipande vya fedha na zinki kimoja juu ya kingine, katikati akiweka karatasi ngumu zilizoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka bila kukoma. Barua ya kutangaza jambo hilo aliiandika tarehe 20 Machi 1800, kwenda kwa Joseph Banks wa London. Betri zote unazozijua ni watoto wa rundo hilo.

Kwake binafsi miaka hiyo haikuwa ya raha. Napoleon alikuwa ameivamia Lombardia, Waaustria wakarudi, Wafaransa wakarudi tena, na chuo cha Pavia kikafungwa kwa muda. Mwaka 1801 akaitwa Paris, akaonyesha betri yake mbele ya Napoleon, akapewa medali ya dhahabu. Mwaka 1810 akapewa cheo cha ukabaila. Napoleon alipoanguka, Waaustria nao wakamweka kazini. Wapo wanaomlaumu kwa kuwainamia watawala wa kila rangi. Sisi tunamwona kama mtu mwenye familia aliyetaka maabara yake isifungwe. Alikuwa ameoa akiwa na karibu miaka 50, mwaka 1794, mke wake akiitwa Teresa Peregrini, baada ya ndugu zake kumkataza mwimbaji aliyempenda. Walipata wana watatu, na mmoja akafa kijana. Baada ya betri hakugundua jambo kubwa tena.

Mwaka 1819 alistaafu akarudi kijijini Camnago, karibu na Como, na akafariki tarehe 5 Machi 1827 akiwa na miaka 82. Mwaka 1881 mkutano wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris ukalipa jina lake kipimo cha volti. Mwaka 1899 Como ikafanya maonyesho ya kuadhimisha miaka 100 ya betri, vyombo vyake vya asili vikapangwa ndani ya ukumbi, na moto ukauteketeza ukumbi na sehemu kubwa ya vyombo hivyo.

Wakati huo gesi yake ilikuwa imeshapata jina la methani, na watu wengine walikuwa wamemfikia ng'ombe. Mashuhuri kati yao ni Oskar Kellner, Mjerumani wa kituo cha utafiti cha Möckern karibu na Leipzig. Alimfungia maksai ndani ya chumba kisichopitisha hewa isipokuwa kwa mabomba, akapima chakula kilichoingia, mavi, mkojo, na gesi iliyotoka. Hakuwa na habari na mabadiliko ya tabianchi. Alitaka kujua chakula cha mfugaji kinapotelea wapi, na methani ilikuwa mojawapo ya majibu.

Vipimo vilivyofuata tangu hapo vinasema ng'ombe hupoteza kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu yote ya chakula kwa njia ya methani. Tofauti hiyo kubwa inatokana hasa na anachokula. Ng'ombe anayelishwa nafaka nyingi hupoteza kama asilimia 3. Anayekula nyasi zilizokomaa na mabua makavu hupoteza mara mbili ya hapo, au zaidi. Sababu ni hidrojeni tuliyoisema. Nyuzi ngumu zikivunjwa huacha hidrojeni nyingi. Wanga na majani laini huacha kidogo.

Kwa upande wa hewa ya dunia, kilo moja ya methani hushika joto karibu mara 28 ya kilo moja ya hewa ya kaboni, ukihesabu kwa miaka 100. Ila haidumu, hukaa angani kama miaka 12 tu. Volta alipokuwa anachokonoa tope, methani iliyokuwa hewani duniani ilikuwa chini ya nusu ya ile iliyopo leo. Si ng'ombe peke yao walioiongeza: kuna visima vya mafuta na gesi, migodi ya makaa ya mawe, majalala na mashamba ya mpunga. Lakini mifugo ina sehemu kubwa.

Kuna njia mbili za kupambana na gesi hii nyumbani kwa mfugaji. Ile ya mavi inakamatika. Mtambo wa bayogesi ni chupa ya Volta iliyojengwa kwa matofali: mavi na maji ndani, hewa hakuna, gesi inapanda juu, unapikia. Ile ya mbweu haikamatiki. Ikishatoka kinywani imekwenda. Kwa hiyo mahali pa kuishughulikia ni kabla, yaani kwenye kile kinachoingia kinywani.

La kwanza ni umri wa majani. Majani ya tembo, ambayo wengine huyaita nepia au matete, yakatwe yakiwa karibu na kimo cha mita moja, takriban wiki sita hadi nane baada ya mkato uliopita. Tunajua kishawishi: ukiyaacha yarefuke unaona mzigo mkubwa. Mzigo ni mkubwa kweli, ila ni vijiti. Ng'ombe anakula kidogo, anasaga muda mrefu, na gesi kwa kila lita ya maziwa inapanda. Nyasi za malisho za kukausha nazo zikatwe zinapoanza kutoa maua, zisisubiri mbegu.

La pili, na sisi tunaliona ndilo lenye nguvu zaidi kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu, ni mimea jamii ya kunde: desmodi, lusina, kaliandra, sesbania, hata marando ya viazi vitamu ingawa si ya jamii hiyo. Inaongeza protini, chakula kinapita tumboni upesi, na baadhi yake, kama kaliandra na lusina, ina ukakasi fulani unaowapunguza vijidudu wanaotengeneza methani. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kukaa mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha dukani. Mti unapandwa kwenye ua au kingo za matuta, hauhitaji shamba la peke yake. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula, kwa sababu ina sumu inayomdhuru mnyama ikizidi.

Mashudu ya alizeti na ya pamba yana mafuta, na mafuta hupunguza methani. Lakini mafuta yote kwenye chakula yasizidi kama asilimia 6 ya uzito wa chakula kikavu, la sivyo vijidudu wazuri nao wanakufa na ng'ombe anakataa kula. Hivyo usimwage mafuta ya kupikia kwenye hori kwa kuwa umesikia mafuta ni dawa.

Mabua ya mahindi ndiyo chakula cha kiangazi kwa wengi wetu, na hatutakuambia uyaache. Yakate vipande vidogo, yachanganye na majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini, na mwagia molasi kidogo ukiipata. Ng'ombe anayekonda kiangazi anaendelea kupiga mbweu kila siku wakati hakupi kitu. Mtamba anayefikisha miaka minne bila kuzaa ametoa gesi miaka minne bila hata kikombe cha maziwa.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao matangazo mengine huuruka. Ng'ombe akilishwa vizuri anakula zaidi, na huenda kwa siku akatoa methani nyingi kuliko zamani. Kinachopungua ni gesi kwa kila lita. Tuchukue mfano wa kubuni: ng'ombe alikuwa anatoa lita 2 kwa siku, sasa anatoa 8, na gesi yake imeongezeka kwa nusu. Maziwa yamezidi mara nne, gesi mara moja na nusu. Kila lita sasa inabeba chini ya nusu ya gesi ya awali. Dunia inapata nafuu kamili pale ambapo mfugaji, akiona ng'ombe mmoja anafanya kazi ya wanne, anapunguza idadi. Kwa mtu ambaye ng'ombe ni mahari, benki na heshima yake, uamuzi huo haufanywi kwa makala ya redio, nasi hatujifanyi hatulijui hilo.

Mnaotuuliza kuhusu mwani: ni kweli kuna aina moja ya mwani mwekundu ambayo kwenye majaribio imepunguza methani kwa kiasi kikubwa sana. Siyo ile inayolimwa Zanzibar kwenye kamba. Msimlishe ng'ombe mwani wa pwani mkitegemea matokeo hayo. Kuna pia unga wa kiwandani ulioruhusiwa Ulaya mwaka 2022, unaochanganywa kwenye chakula kila siku. Kwa ng'ombe anayechungwa porini kutwa ni vigumu kuutumia.

Chumba kama kile cha Kellner sasa kipo Nairobi pia, kwenye kituo cha Mazingira cha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Mifugo. Kwa miaka mingi nchi zetu zilikadiria gesi ya ng'ombe wao kwa namba za kukopa ambazo hazikupimwa kwa zebu wetu wala kwa malisho yetu. Sasa ng'ombe wa huku, wakila majani ya huku, wanapimwa hapa hapa.

Wewe huna chumba hicho, na hulazimiki kuwa nacho. Kama una kaliandra, desmodi au marando karibu, chukua daftari. Andika lita za asubuhi na jioni kwa wiki mbili kabla hujabadilisha chakula, kisha wiki nne baada ya kubadilisha, ukibadilisha kidogo kidogo ili tumbo lizoee. Andika pia alichokula na gharama yake. Ukimaliza tutumie hesabu yako kwa ujumbe mfupi, hata kama lita hazikuongezeka, tutaisoma hewani pamoja na za wenzako.